Pikipiki ya silinda moja, abiria nyuma, safari ndefu kutoka Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapotaka kumpakia mkewe, ndugu au rafiki kwenye Boxer, HLX au pikipiki nyingine ya cc 100 hadi 150 na kutoka Tanga mjini kwenda Lushoto, Moshi, Dar au kwingineko. Mwenye haraka aanze na sehemu ya tairi, cheni na breki, kwa sababu huko ndiko safari nyingi za watu wawili zinakoharibikia.

## Mambo ya mwanzo

Pikipiki ya cc 125 au 150 inaweza kweli kufika Moshi na watu wawili?

Inafika. Kutoka Tanga hadi Moshi ni karibu kilomita 350, lami mwanzo hadi mwisho, na Dar ni umbali unaokaribiana na huo. Bodaboda zinazozunguka Ngamiani kutwa nzima hupata taabu kubwa kuliko utakayoipa pikipiki yako barabara kuu: zima, washa, gia ya kwanza, gia ya pili, tuta, shimo. Tofauti ya safari ni kwamba hakuna kupumua. Saa tatu mfululizo za mwendo mmoja huumbua yale ambayo mjini hayaonekani: oili inayopungua kidogo kidogo, nati inayojifungua, cheni iliyokazwa mno, mgongo wa abiria.

Nguvu ya injini huwezi kuiongeza kwa maana yoyote ya kueleweka. Unachoweza kuweka sawa ni sehemu zinazobeba uzito, yaani tairi la nyuma, breki, cheni na shokapu. Inasikitisha kuona mtu amefunga taa za rangi na stika mpya, halafu tairi la nyuma limekwisha mistari.

Mwisho wa uzito ni kilo ngapi?

Namba kamili imo kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa nyingi za aina hii, dereva, abiria na mizigo kwa pamoja hawatakiwi kuzidi kilo 150 hivi, na nyingine ni chini ya hapo. Piga hesabu kabla ya kuahidi watu: wewe kilo 72, abiria 65, tayari ni 137. Zimebaki 13, yaani begi moja, spana na maji. Kiroba cha machungwa ya Muheza hakimo. Mzigo ukizidi, upeleke stendi ya Kange ukapande basi, nanyi mtaukuta mbele ya safari.

Tutembee mwendo gani, na tutafika lini?

Kati ya 60 na 70 kwa saa kwenye barabara tupu. Hapo injini haipigi kelele, mafuta hayaishi ovyo, na ukifunga breki na watu wawili bado una nafasi. Penye makazi kikomo cha sheria ni 50, na kati ya Segera na Same makazi hayo ni mengi kuliko unavyokumbuka ukipita na basi.

Ukijumlisha mapumziko, wastani wako utakuwa kama 45 kwa saa. Ukitoka Tanga saa kumi na mbili asubuhi, Moshi ni karibu saa nane mchana. Ukitoka saa nne, jua la tambarare litawapiga utosini na mtafika jioni, mkichelewa kidogo ni gizani. Usiku na taa hizi ndogo, malori yakikupishana, hatushauri hata kidogo.

Karatasi gani zinahitajika?

Leseni yenye daraja la pikipiki (A1 kwa ndogo zisizozidi cc 125, A kwa zinazozidi hapo), kadi ya pikipiki na bima hai. Bima ndogo inatosha kisheria, lakini hailipi uharibifu wa pikipiki yako mwenyewe. Helmeti ni mbili. Ile ya abiria iwe inamkaa sawa na mkanda wake ufunge, maana helmeti iliyolegea huruka kichwani kabla kichwa hakijafika chini.

## Injini

Oili gani, na nibadilishe lini?

Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA kwenye kopo. Kwenye injini hizi klachi inaogelea ndani ya oili ileile, na baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano zinazofanya klachi iteleze, hasa unapopanda mlima na abiria. Unene ufuate kitabu. Kwa joto la pwani, nyingi zinatumia 20W-50.

Badilisha siku chache kabla ya kuondoka, ili ukikuta panavuja uwe bado nyumbani. Kisha pima kila mnapojaza mafuta. Injini nzima inabeba karibu lita moja tu, kwa hiyo ikipotea robo lita umeshapoteza robo ya ulinzi wote. Pima pikipiki ikiwa wima, injini imezimwa dakika kadhaa. Ikilalia stendi ya pembeni, kijiti kitakudanganya.

Kwa nini nati zinalegea kila safari, hata nikikaza?

Silinda moja maana yake pistoni moja inapanda na kushuka bila mwenzake wa kuisawazisha. Mtikisiko huo unapita kwenye fremu nzima, na kila nati inausikia. Zinazoanza kuachia ni zilezile: nati za kushikilia injini, ekzosi, keria, vioo, stendi, kibao cha namba.

Kaza zote injini ikiwa baridi, lakini usikaze kwa hasira, maana uzi wa aluminiamu ukikwisha ni kazi ya fundi wa leiti. Pale panapolegea mara kwa mara weka washa ya springi au gundi ya nati, ile ya nguvu ya wastani inayofunguka kwa spana. Halafu chukua rangi ya kucha na piga mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani. Mkisimama Segera kunywa chai, kutazama tu kunatosha: mstari ukiwa umekatika, nati hiyo imezunguka. Rangi nyekundu inaonekana vizuri kuliko zote, na mwenye nayo nyumbani aombwe kwanza.

Fundi aguse nini kingine kabla ya safari?

Nafasi ya valvu kwanza. Ipimwe injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla haijawashwa. Watu wengi humwambia fundi aondoe kelele ya tapeti, yaani kidude kinachosukuma valvu, naye anakaza hadi kimya. Kimya hicho ni hatari, kwa sababu valvu isiyofunga sawasawa huungua, na dalili yake ya mapema ni injini kugoma kuwaka ikiwa ya moto. Mlio mdogo wa tik-tik una afadhali.

Plagi iwe na rangi ya kahawia ya kufifia. Nyeusi yenye masizi inaonyesha mafuta ni mengi au chujio la hewa limeziba. Nyeupe inaonyesha injini inapata joto kupita kiasi. Beba moja mpya ya namba ileile, na kumbuka baadhi ya injini zina plagi mbili. Chujio la hewa safisha au badilisha. Waya wa klachi na wa mafuta ukiwa umeanza kuchanika nyuzi, badilisha sasa hivi, usiuonee huruma.

## Tairi, cheni, shokapu, breki

Upepo wa tairi uwe kiasi gani tukiwa wawili?

Kuna kibandiko kwenye pikipiki, mara nyingi karibu na kasha la cheni, chenye namba mbili za tairi la nyuma: ya dereva peke yake na ya kupakia. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni kama psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 mkiwa wawili. Pima asubuhi tairi likiwa baridi.

Tairi lenye upepo mdogo chini ya watu wawili hujikunja kila mzunguko, linapata moto, na tyubu huchanika pale kwenye kiraka cha zamani. Makosa ya upande wa pili yapo pia. Wajazaji wengine wa barabarani hujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe, halafu pikipiki inarukaruka na breki haishiki. Nunua kipimo kidogo cha mfukoni. Kidole gumba hakijui tofauti ya 24 na 32.

Kwa safari ya siku zaidi ya moja weka tyubu mpya nyuma na uichukue ile ya zamani kama akiba. Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyokazwa inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Abiria huzitesa spoku za nyuma kuliko kitu kingine chochote.

Cheni ikazwe kiasi gani?

Hapa ndipo mafundi wengi huharibu, kwa sababu wanakaza pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi kubwa hadi cheni ipendeze macho. Mnapokaa wawili, shokapu zinashuka, gurudumu la nyuma linapanda kwa mduara, na umbali kati ya sproketi mbili unaongezeka hadi mhimili wa gurudumu, mhimili wa bembea (mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma) na sproketi ya mbele vinapokaa kwenye mstari mmoja. Cheni iliyokuwa nzuri ikiwa tupu inageuka waya wa gitaa. Inakula beringi za sproketi na za gurudumu, na ikikatika inaweza kupasua kasha la injini.

Kipimo cha kawaida ni mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini. Ukishaweka, kaeni wote wawili na mzigo, mwombe mtu wa tatu aitikise cheni. Ikiwa bado ina mchezo kidogo, mko salama. Zungusha gurudumu na upime sehemu kadhaa, kwa maana cheni kuukuu huwa imekaza mahali pamoja na kulegea pengine. Ikikuwia vigumu kupata kipimo kimoja, au meno ya sproketi yameanza kujipinda kama ndoana, badilisha vyote vitatu kwa pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi iliyoliwa ni hela iliyotupwa.

Paka oili nzito ya gia, ile ya 90, jioni mkifika, cheni ikiwa bado ya moto. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ina chembe za chuma, iache.

Shokapu za nyuma zirekebishwe?

Ndiyo, na haigharimu chochote. Chini ya springi kuna pete yenye ngazi. Izungushe kwa spana yake ya ndoana hadi ngazi ya juu zaidi, pande zote mbili sawa. Ukiacha ngazi ya chini, pikipiki itakaa kitako, usukani utakuwa mwepesi, na kila shimo litagonga hadi mwisho. Shokapu inayolia oili haitibiki kwa pete. Inabadilishwa.

Pikipiki ikikaa kitako, taa ya mbele nayo inatazama juu na kuwapiga machoni wanaokuja. Kaeni wawili mbele ya ukuta jioni, mlegeze bolti ya taa na kuishusha.

Breki za ngoma zinatosha?

Zinatosha kama viatu vyake vina nyama. Kwenye ngoma kuna mshale. Ukikanyaga breki na mshale ukavuka alama, viatu vimekwisha, hata kama bado inashika. Rekebisha nati ya fimbo ya breki ya nyuma mkiwa mmekaa wote wawili, kwa sababu uzito unaweza kubadilisha mchezo wa pedeli. Kisha zungusha gurudumu uhakikishe haligusi.

Tukiwa wawili tunasimama mbali zaidi, kwa hiyo achia nafasi kubwa nyuma ya gari. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Anayeiogopa afanye mazoezi uwanjani kabla ya safari. Kuhusu mteremko, tazama swali la Lushoto.

## Abiria

Abiria akae vipi, na afundishwe nini?

Akae kwa kutanua miguu, nyayo zote mbili kwenye vikanyagio, mikono kiunoni mwa dereva au kwenye keria. Asipande wala kushuka kabla hujamwambia. Kwenye kona atazame juu ya bega la dereva la upande wa kona, mwili utafuata wenyewe. Anayejaribu kukaa wima pikipiki inapolala, kwa hofu, anaivuta nje ya njia. Unapofunga breki asikuangukie mgongoni, ajizuie kwa mapaja.

Kubalianeni ishara, kwa kuwa upepo unameza maneno: kugonga bega mara moja ni punguza, mara mbili ni simama. Abiria asilazimike kueleza kwa nini anataka kusimama.

Mke wangu huvaa dera na baibui. Tufanyeje?

Swali muhimu kuliko linavyochukuliwa, hasa huku pwani. Khanga, ncha ya ushungi au pindo la baibui likiingia kwenye spoku au cheni, linamvuta mtu chini kwa sekunde moja. Kukaa upande hakufai safari ndefu: uzito wote uko upande mmoja, na mguu mmoja unaning'inia.

Avae suruali pana ndani, dera likunjwe na kukaliwa, ncha za ushungi zichomekwe ndani ya koti au zifungwe kwa pini. Pikipiki nyingi za Kihindi hutoka kiwandani na kinga ya waya upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya sari za kwao. Wengi huing'oa ili pikipiki ionekane nyepesi. Irudishe, na kasha la cheni lisifunguliwe.

Tupumzike kila baada ya muda gani?

Kila saa moja, hata kama hakuna aliyechoka. Muheza ni mapema mno, lakini Segera, iliyo karibu kilomita 75 kutoka mjini, ni kituo kizuri cha kwanza. Kisha Mombo. Kiti cha nyuma ni chembamba na abiria hana usukani wa kushika akajisahau, kwa hiyo anachoka kabla yako. Kipande cha godoro la sponji chenye unene wa vidole viwili, kilichoshonewa kitambaa kigumu, husaidia kuliko mto laini unaobonyea mara moja.

Mtoto je? Mjamzito?

Mtoto ambaye miguu haifiki kwenye vikanyagio asipande safari ndefu, wala asikae mbele ya tangi. Mtoto katikati ya watu wazima wawili ni mshikaki, na hilo halina mjadala. Mama mjamzito apande basi.

## Mizigo na vifaa

Begi liwekwe wapi?

Chini na mbele kadiri inavyowezekana. Mifuko miwili ya pembeni yenye uzito sawa ni bora kuliko kisanduku kikubwa juu ya keria, kwa sababu mzigo ulio nyuma ya mhimili wa gurudumu hunyanyua mbele, na usukani unaanza kuchezacheza ukifika 60. Begi la mgongoni avae abiria, lakini chini yake likalie kiti ili lisimning'inie mabegani. Mipira ya tyubu inayokatwa na mafundi wa pancha inafunga vizuri ajabu. Hakikisha ncha hazifiki kwenye cheni.

Petroli ya akiba isibebwe na abiria mkononi, na isiwekwe kwenye chupa ya maji.

Nibebe spana gani?

Spana ya plagi, ya nati za magurudumu yote mawili, namba 10, 12 na 14, bisibisi, koleo, vyuma viwili vya kutolea tairi, tyubu, viraka na gundi, pampu, fyuzi, kiungo cha cheni, waya laini na utepe. Jaribu kutoa gurudumu la nyuma nyumbani kwa vifaa hivyohivyo. Kama nati haifunguki uani kwako, haitafunguka Hedaru.

## Njia za kwetu

Mlima wa Lushoto na abiria, nipandeje na nishukeje?

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na unapanda karibu mita 1,000 kwa kona zilizobana, bonde likiwa pembeni. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, na injini yako iliyozoea usawa wa bahari itapungukiwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Usiilazimishe gia ya juu hadi ianze kugongagonga. Gia ya pili, mwendo wa 30, injini ikizunguka kwa uhuru, ndiyo inayopoza vizuri zaidi. Honi kwenye kila kona.

Kushuka ndiko kunakodai akili. Tumia gia uliyopandia, na breki zote mbili kwa vipindi vifupi. Anayeweka nyutro na kuzima injini ili abane mafuta anaiachia ngoma moja ya nyuma kilo 270 za watu na chuma. Viatu vikipata moto vinateleza, na pedeli inashuka bila kitu. Ukisikia harufu ya kuungua, simama dakika kumi na tano. Usimwagie maji.

Mafuta yatatosha kutoka wapi hadi wapi?

Jaza tangi, tembea na abiria hadi Muheza na kurudi, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Namba hiyo ndiyo yako, ya muuzaji isahau. Pikipiki yenye tangi la lita 11 inayokwenda kilomita 40 kwa lita ina zaidi ya 400 kwa karatasi, lakini jaza ikifika nusu. Vituo vipo Muheza, Segera, Korogwe, Mombo na Same. Mombo hadi Same ni zaidi ya kilomita 100, na upepo wa ubavu kwenye tambarare hizo huongeza matumizi.

Upepo huo, pamoja na kishindo cha mabasi ya Arusha, unasukuma pikipiki yenye watu wawili kama tanga la jahazi. Basi likija, punguza, legeza mikono kidogo, kaa mbali na mstari wa kati.

Na Amani?

Baada ya Muheza, mkielekea milimani, tegemeeni vipande visivyo na lami. Wakati wa kiangazi panapitika taratibu. Masika, udongo mwekundu unateleza, na kwenye vipande vibaya abiria ashuke atembee. Punguza upepo kidogo kwa ajili ya matope ukitaka, lakini urudishe kabla ya kurudi lami.

## Yasiyo ya kawaida

Nibadilishe sproketi ya mbele ili ipande mlima vizuri?

Ukitoa jino moja, mathalani 14 kwenda 13, unapata kama asilimia 8 ya uwezo wa kuvuta, na unapoteza kama asilimia 7 ya mwendo. Kwa anayekaa Lushoto ina maana. Kwa anayekwenda Dar, injini itazunguka zaidi njia nzima, pamoja na mtikisiko. Wengi waiache.

Pikipiki ilikuwa bodaboda. Naweza kuiamini?

Baada ya kukagua beringi za magurudumu na za usukani, bushi za bembea, na fremu chini ya kiti, pale keria inapoungwa: tafuta ufa au mahali palipochomelewa. Injini hufufuliwa. Fremu iliyochomelewa vibaya usimpakie mtu.

Chumvi ya bahari inaharibu?

Sana. Anayekaa Raskazone au anayepita ufukweni Pangani aoshe kwa maji yasiyo ya chumvi, akaushe, apake oili kwenye cheni na grisi kwenye vichwa vya betri. Taa zinazozima zenyewe mara nyingi ni kutu kwenye viungio vya waya.

Ikigoma kuwaka njiani ikiwa ya moto?

Angalia kwanza kitufe cha kuzimia na koki ya mafuta. Wengi wamesukuma kilomita nzima kwa ajili hiyo. Kisha fungua mfuniko wa tangi: ukisikia pumzi inaingia, tundu lake limeziba na mafuta yalikuwa hayashuki. Kisha plagi: itoe, ichomeke kwenye kofia yake, iegemeze kwenye chuma mbali na tundu lake, mwenzako apige kiki uone cheche. Cheche hakuna, weka mpya. Cheche ipo na mafuta yanashuka, subiri ipoe nusu saa. Ikiwaka baada ya kupoa na kugoma tena ikipata moto, shuku valvu iliyokazwa mno, na mtafute fundi mji unaofuata kabla ya kuendelea.